Karakana ya useremala ya nyumbani
Karakana ya useremala ya nyumbani ni chumba au banda ambamo seremala hufanyia kazi karibu na makazi yake.

Meza ya kazi huwekwa penye mwanga wa dirisha. Kimo chake hutegemea mtumiaji: anaporanda kwa mkono, ubao uwe chini ya kiwiko. Jiliwa hufungwa ukingoni ili kushika ubao, na misumeno, randa na patasi hutundikwa ukutani.

Maranda hushika moto haraka, hivyo karakana hutengwa na jiko. Vumbi la mbao nalo lilitambuliwa mwaka 1995 na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo hewa ipite vizuri, seremala avae barakoa, na watoto wasilale humo.