Askari wa Zamani Aliyeumizwa Hospitalini: Je, Serikali Imlipe?

Kila mtu huelewa ya kuwa askari aliyepigwa risasi vitani anastahili kulipwa na Serikali iliyompeleka huko. Lakini je, askari akirudi salama, na baada ya miaka mingi akaingia katika hospitali ya Serikali kwa maradhi ya kawaida, kisha akatoka humo akiwa kilema, ni nani atakayemlipa?

Nchini Marekani swali hilo lilijibiwa kwa sheria mwaka 1924. Bunge la nchi hiyo liliamuru kwamba askari wa zamani akidhurika kwa matibabu ya Serikali, alipwe kila mwezi kana kwamba ameumia katika utumishi wake.

Hata hivyo, sheria ni jambo moja, na namna inavyotumiwa maofisini ni jambo jingine. Kwa muda wa miaka 60 hivi idara inayowatunza askari wa zamani ilifuata kanuni yake yenyewe, iliyosema kwamba mdai halipwi mpaka aonyeshe kuwa daktari alikosea, au kwamba lilitokea jambo la ajali. Sharti hilo halikuwamo katika maneno ya sheria. Wengi walirudishwa nyumbani mikono mitupu.

MTU MMOJA ASHINDA

Ndipo akatokea askari mmoja aliyepata kupigana katika vita vya Korea. Alipasuliwa mgongo katika hospitali ya idara hiyo kwa ugonjwa wa pingili za uti wa mgongo, ambao haukutokana na uaskari wake. Baadaye alipata maumivu na udhaifu katika shavu la mguu wa kushoto, kifundo na wayo. Aliomba malipo, akakataliwa. Akakata rufani, na shauri likapanda mahakama baada ya mahakama.

Tarehe 12 Desemba, 1994, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu, na majaji wote tisa walikuwa na neno moja. Walisema kwamba sheria haitaji kosa la daktari, basi idara haina ruhusa ya kulitia humo. Idara ilijitetea kwamba kanuni yake imedumu miaka mingi. Majaji hawakukubali: kanuni isiyopatana na sheria haigeuki kuwa halali kwa sababu imezeeka.

SHERIA YABADILISHWA

Ushindi huo haukudumu. Mwaka 1996 Bunge lenyewe lilibadilisha sheria, na kwa maombi yaliyopelekwa tangu tarehe 1 Oktoba, 1997, mdai hana budi kuthibitisha mambo matatu. Kwanza, kwamba ana kilema kipya, au kilema chake cha zamani kimezidi. Pili, kwamba kilema hicho kililetwa na matibabu, wala si ugonjwa ulioendelea wenyewe. Tatu, kwamba palikuwa na uzembe, upungufu wa ustadi au kosa lingine la namna hiyo, au kwamba lilitokea jambo ambalo haikutazamiwa kuwa lingetokea.

Tarehe nazo zina uzito. Akiomba kabla ya mwaka mmoja kupita tangu kuumia, malipo huweza kuhesabiwa tangu siku aliyoumia. Akichelewa, huhesabiwa tangu siku ombi lilipofika ofisini. Tena, akitaka kuishtaki Serikali kwa uzembe, hiyo ni njia nyingine, na muda wake ni miaka miwili.

Basi ushahidi ulio bora ni ule unaoonyesha hali ya mtu kabla ya kutibiwa na baada yake: vyeti vya daktari, barua za hospitali, na karatasi aliyotia sahihi kabla ya kupasuliwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Askari yule wa Korea alipata haki yake kwa sababu hakukubali jibu la kwanza la ofisi, bali aliuliza sheria yenyewe inasema nini.