Soko la Afrika Mashariki na Mkulima wa Nafaka

Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza kutekelezwa tarehe 1 Januari 2005, ni makubaliano ya nchi wanachama kuondoleana ushuru kwa bidhaa zinazozalishwa ndani ya eneo lao na kutoza viwango vya pamoja vya ushuru kwa zile zitokazo nje. Kwa kuwa viwanda vya Kenya vilikuwa na nguvu kuliko vya Tanzania na Uganda, na Jumuiya ya kwanza ilikuwa imevunjika mwaka 1977 huku kukiwa na malalamiko ya mgawanyo usio sawa wa faida, ilikubaliwa kwamba bidhaa kadhaa za Kenya ziendelee kutozwa ushuru utakaopungua hatua kwa hatua hadi kufutwa mwaka 2010, ilhali bidhaa za majirani zake ziliingia Kenya bila ushuru tangu mwanzo. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, maana uliwapa wenye viwanda vichanga muda wa kujiandaa.

Hata hivyo, ushuru wa pamoja una gharama yake. Mchele utokao nje ya Jumuiya umewekewa asilimia 75, kiwango kinachomlinda mkulima wa Mbeya, Tanzania, dhidi ya mchele wa Pakistani, lakini Kenya, ambayo haijitoshelezi kwa zao hilo, imekuwa ikipata idhini ya kutoza asilimia 35 ili mlaji wake asilemewe na bei. Hivyo nafuu ya mlaji hupunguza soko la mkulima huyo.

Kinachoumiza zaidi ni vikwazo visivyo vya kiforodha, yaani masharti ya viwango, vibali na marufuku za ghafla. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu itokanayo na kuvu, kisha ikayaruhusu baada ya siku chache kwa masharti ya vyeti vya ubora na vya asili ya bidhaa. Tanzania nayo, ambayo haina budi kujitazama, ilipiga marufuku usafirishaji wa mahindi nje mwaka 2011 na tena 2017, ikihofia njaa, na kwa kufanya hivyo ikamfungia mkulima wake mnunuzi wa jirani. Hofu ya sumukuvu na ya njaa ni halali kabisa, lakini dawa yake ni maabara mipakani na hifadhi ya chakula iliyojaa, na hayo ndiyo wakulima wa nchi zote wanapaswa kuyadai kwa serikali zao kabla ya msimu ujao wa mavuno.