Mwaka Mpya wa Gofu na Sheria za Mchezaji wa Ridhaa

Leo nataka kuwaelezeni habari za mchezo wa gofu, na hasa sheria ambazo mchezaji wa ridhaa yampasa kuzijua kabla ya kuingia katika mashindano ya mwaka mpya. Labda mmoja wenu atasema, "Gofu si mchezo wa kijijini kwetu." Ni kweli, viwanja vyake ni vichache, tena vyataka nafasi kubwa. Lakini katika Kenya, Uganda na Tanzania wako vijana ambao kazi yao ni kuwabebea wachezaji mifuko ya fimbo, nao huitwa kedi. Na baadhi yao wamekuwa hodari kuliko wale waliowabebea. Basi habari hii yawahusu watu wengi kuliko tudhanivyo.

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Mchezaji ana mpira mdogo mgumu, na fimbo zisizozidi 14. Huanza mahali palipotiwa alama, akaupiga mpira hata autumbukize katika kishimo kilicho mbali, pengine mita 400. Vishimo ni 18, naye amalizaye kwa mapigo machache ndiye mshindi. Ugumu uko katika kuupiga mpira, na katika jambo jingine: mara nyingi hapana mwamuzi amfuataye mchezaji. Akivunja sheria vichakani, hali yu peke yake, ni juu yake mwenyewe kusema.

Mwaka 1925, katika mashindano makuu ya Marekani, Bobby Jones alikuwa akijiweka tayari kupiga, na mpira wake ukasogea kidogo katika nyasi ndefu. Alijihesabia pigo moja la adhabu. Mwisho wa mashindano alikuwa sawasawa na Willie Macfarlane, ikawabidi kushindana tena, na Jones akashindwa. Bila pigo lile angalitwaa kikombe. Hata leo, mchezaji akiusogeza mpira wake katika nyasi ndefu, pigo huhesabiwa. Lakini mpira ukiwa juu ya nyasi fupi zilizozunguka kishimo, naye akausogeza kwa bahati mbaya, huurudisha mahali pake wala haadhibiwi. Hayo ni mojawapo ya mageuzi ya sheria yaliyoanza kutumika mwaka 2019, yaliyoandikwa na wakuu wawili wa mchezo huu, yaani R&A ya St Andrews katika Scotland, na USGA ya Marekani.

Mageuzi ya mwaka ule yalikuwa mengi, na wako wachezaji ambao hata leo hufuata desturi za kale. Zamani mpira ukipotea, ulitafutwa kwa dakika 5. Sasa ni dakika 3 tu. Zikipita, mchezaji huongezewa pigo, akarudi kule alikopiga na kupiga upya. Kwa hiyo mwenye busara, akiona mpira wake waelekea msituni, hutangaza kwamba atapiga wa pili wa akiba kabla hajaenda kuutafuta wa kwanza. Tena, yuko ambaye sheria yamruhusu kuuangusha mpira mahali pengine, mathalani ulipoingia majini. Kabla ya 1984 alisimama wima akauangusha nyuma kupita begani. Baadaye akaunyoshea mkono usawa wa bega. Sasa huuangusha kutoka usawa wa goti. Akisahau na kuuangusha kutoka begani, na aurudie kabla ya kupiga, maana akipiga ataadhibiwa. Na ile bendera iliyosimikwa kishimoni yaweza kuachwa pale pale hata mtu apigapo kutoka karibu. Zamani mpira ukiigusa, alipata adhabu ya mapigo 2. Mimi naona jambo hili limepunguza ubishi na kungojana.

Kedi naye ana sheria yake. Hawezi kusimama kwa makusudi nyuma ya mchezaji, katika mstari wa mpira, wakati mchezaji anapoanza kuweka miguu yake ili apige. Akikosea kedi, aadhibiwaye ni mchezaji.

Sasa, ni nani mchezaji wa ridhaa? Swali hili limewahi kuwaumiza watu. Francis Ouimet alikuwa mtoto wa watu wasio na mali, na nyumba yao ilielekeana na uwanja wa Brookline, karibu na Boston. Alianza kwa kuwabebea wengine fimbo katika uwanja huo huo. Mwaka 1913, akiwa na umri wa miaka 20, alishindana hapo na Waingereza wawili waliojulikana dunia nzima, Harry Vardon na Ted Ray. Kedi wake, Eddie Lowery, alikuwa na miaka 10. Siku ya mwisho Ouimet alipiga mapigo 72, Vardon 77, Ray 78. Lakini mwaka 1916 USGA walimwondolea haki ya kuitwa mchezaji wa ridhaa kwa sababu alifungua duka la vyombo vya michezo! Walimrudishia mwaka 1918.

Sheria zilizoanza Januari 2022 ni nyepesi zaidi. Mchezaji wa ridhaa aweza kupokea msaada wa wafadhili. Aweza pia kupokea zawadi, hata fedha taslimu, isiyozidi pauni 700 za Kiingereza au dola 1,000 za Kimarekani, katika mashindano ambayo mapigo huhesabiwa yote bila mtu kupunguziwa. Lakini yale ambayo mnyonge hupunguziwa mapigo ili alingane na hodari, zawadi yake isiwe fedha. Tena asipokee malipo kwa kufundisha wengine kupiga, isipokuwa pale ambapo sheria yenyewe imeruhusu. Kubeba fimbo kwa ujira hakumwondolei mtu haki yake. Kijana apataye riziki kwa kazi hiyo aweza kushindana Jumamosi na wale wale aliowabebea Ijumaa.

Liko jambo moja la kutazamia. Desemba 2023 wale wakuu wawili walitangaza kwamba mipira itapimwa kwa kipimo kikali zaidi, ili isiruke mbali mno, kwa kuwa viwanja vimezidi kurefushwa. Walisema kwamba wale wapigao mbali kuliko wote watapungukiwa yadi 13 hadi 15, na wachezaji wengi wa kawaida yadi 5 au chini ya hapo. Kwa wachezaji wa kawaida walitaja mwaka 2030. Mpaka hapo, mipira waliyo nayo mifukoni yafaa.