CT16 na CT16V: Herufi Moja, Turbo Mbili

Turbo ya CT16 hufungwa kwenye injini za 2KD za mwanzo, zile za lita 2.5. CT16V ni ya 1KD ya lita 3.0. Zote ni za Toyota, zote zimo kwenye Hilux na Hiace, na mtu asiyezizoea ataona konokono mbili za chuma zilizofanana. Pale Gerezani, Dar es Salaam, muuzaji wa vipuri akikwambia "hizi zinaingiliana", usitoe hela kwanza.

Kazi yao ni ile ile. Moshi wa injini unazungusha feni ya upande wa eksozi, na shafti moja inaiunganisha na feni ya pili inayoshindilia hewa kwenye silinda. Gari likiwa na mzigo, shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Tofauti iko upande wa moshi. Kwenye CT16, presha ikizidi, kikopo cha hewa kinasukuma fimbo, kifuniko kidogo kinafunguka, na moshi wa ziada unapita pembeni bila kugusa feni. CT16V haina kifuniko hicho. Feni yake ya moshi imezungukwa na pete ya vibao vyembamba vinavyogeuka kwa pamoja. Injini ikiwa inazunguka taratibu, vibao vinabana, moshi unapenya kwa kasi na gari linavuta mapema. Mwendo ukipanda vinaachia. Kwenye 1KD vinageuzwa na mota ya umeme inayoamriwa na kompyuta ya gari. Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, tafuta plagi ya waya. Ukiifunga CT16 mahali pa CT16V, kompyuta itaitafuta mota isiione, na taa ya injini itawaka.

Vibao hivyo ndivyo vinavyowatia watu hasara. Masizi yakivigandisha, gari linalegea mlimani, mwenye gari anaambiwa turbo imekufa, ananunua nyingine. Mara nyingi ilihitaji kufunguliwa na kusafishwa tu. Inaniuma zaidi nikikuta fundi amechezea skrubu ndogo inayoweka kikomo cha vibao. Skrubu ile hupimwa kiwandani kwa mashine ya hewa. Kwa jicho huwezi kuirudisha ilipokuwa.

Hata CT16V mbili si lazima zifanane. Soma kibati: namba huanza na 17201, lakini tarakimu zinazofuata ndizo zinazokwambia ni ya gari gani. Zilinganishe na za turbo yako moja baada ya nyingine.

Ukinunua iliyotumika, shika ncha ya shafti. Ukiisukuma kando itacheza kidogo, na hilo ni sawa, maana beringi zake huelea kwenye oili. Ukiivuta mbele na nyuma, isicheze. Kisha mulika tochi kwenye ncha za feni. Zikiwa zimekwaruza ukuta wa ndani, mrudishie mwenyewe.