Kwa nini mtoto huharisha maji matupu?

Mama hushangaa: “Jana mtoto alikuwa mzima, leo anatapika na kuharisha maji matupu. Nimemlisha nini?” Mara nyingi kosa si la chakula. Ni virusi vya rota, vilivyogunduliwa mwaka 1973 huko Melbourne, Australia.

Sote twaijua kalsiamu, yale madini ya chokaa yajengayo mifupa na meno. Lakini kila seli ya mwili huitumia pia kama kengele. Huifungia katika ghala zake ndogo za ndani. Ikitaka kutoa amri, hufungua ghala kidogo, kisha hufunga.

Virusi vya rota vikiingia katika seli ya utumbo mdogo, huilazimisha itengeneze protini iitwayo NSP4. Protini hiyo hutoboa ghala, kalsiamu ikamwagika, na kengele ikalia bila kukoma. Virusi hufaidika, kwa kuwa vyahitaji kalsiamu ili viungane na kuongezeka.

Madhara hayaishii hapo. Mwaka 1996 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba NSP4 peke yake, pasipo virusi, iliwaharisha watoto wa panya. Protini hiyo hutoka katika seli gonjwa na kuvuruga kalsiamu ya seli jirani zilizo nzima. Nazo humwaga chumvi utumboni, na chumvi itokapo, maji huifuata.

Basi wazazi, tufanye nini? Dawa za antibiotiki haziui virusi. Lakini mlango mmoja hubaki wazi: utumbo bado hupokea chumvi ikiandamana na sukari, na maji huingia pamoja nazo. Ndiyo sababu ORS huokoa maisha. Changanya pakiti na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, kwa kawaida lita 1. Mnyweshe mtoto kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena. Usiache kumnyonyesha. Uliza zahanati pia juu ya vidonge vya zinki.

Macho yakiingia ndani, akilia bila machozi, akilegea au akishindwa kunywa, mpeleke hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

Chanjo ya matone ipo: Tanzania ilianza kuitoa kwa watoto wote mwaka 2013, Kenya mwaka 2014. Dozi ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na wiki 6. Tazama kadi ya mwanao leo.