Tamasha la Bia la Hisani: Tukishakataa, Tunatoa Nini?



Kila mwaka, katika miji mingi ya Uingereza, hufanyika matamasha ya bia yenye kukusanya fedha za hisani. Ukumbini hupangwa mapipa safu kwa safu, na kila pipa hubandikwa jina la aliyelifadhili. Anayeingia hulipa kiingilio, hupewa bilauri yenye nembo ya tamasha, na faida inayobaki hukabidhiwa wagonjwa au wasiojiweza. Aghlabu waandaaji ni watu wa kujitolea, kama vile wanachama wa Round Table, chama kilichoasisiwa mjini Norwich mwaka 1927. Nia yao ni njema, nasi hatuna haki ya kuibeza.

Mwaka jana barua ya tamasha la namna hiyo iliifikia jumuiya yetu. Tuliombwa tufadhili pipa moja na, kama tungependa, akina mama wetu wauze sambusa ndani ya ukumbi. Fedha zilikusudiwa hospisi ya mji wetu, yaani nyumba inayowatunza wagonjwa wasiotarajiwa tena kupona.

Lau zingekusudiwa kwingine, jibu lingekuwa jepesi. Lakini hospisi hiyo ndiyo iliyomuuguza mzee wetu mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu, hadi pumzi yake ya mwisho. Wauguzi, ambao si Waislamu, walituuliza kibla kiko upande gani, wakakigeuza kitanda chake, na wakaturuhusu tumsomee Yaasin usiku kucha. Hatukudaiwa hata peni moja. Njia hiyo ya uuguzi ilipata nguvu nchini humu tangu Cicely Saunders alipoifungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967. Mgonjwa halipi, serikali hutoa sehemu tu ya gharama, na sehemu kubwa hutoka mifukoni mwa watu.

Kikaoni rai ziligawanyika. Kijana mmoja aliuliza: "Wema wao tumeupokea, leo tuwape kisogo?" Sheikh wetu alimjibu kwa upole kwamba hoja ya manufaa si ngeni. Sura ya Al-Baqarah, aya ya 219, yakiri kuwa katika ulevi mna manufaa kwa watu, ila dhambi yake ni kubwa zaidi. Kisha katika sura ya Al-Maaidah, aya ya 90, likaja katazo lililo wazi. Akatukumbusha pia Hadithi inayowataja watu kumi wanaolaaniwa kwa sababu ya ulevi, wakiwamo anayeuza, anayenunua na anayekula thamani yake. Kulifadhili pipa kulikuwa kulinunua kwa ajili ya wengine. Na biashara ya sambusa ingetuketisha pale pale vinaponywewa vileo.

Tulidhani shauri limekwisha. Hapo ndipo mjane wa yule mzee aliponyanyua sauti: "Kukataa ni rahisi, wanangu. Tukishakataa, tunatoa nini?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Tulitahayari, kwani tangu mazishi hatukuwahi kuipelekea hospisi ile chochote zaidi ya shukrani.

Waandaaji tuliwaandikia barua ya heshima, tukaeleza sababu zetu bila ya kuwahukumu. Kisha tuliiuliza hospisi njia ya kutoa moja kwa moja. Tulifahamishwa kuwa kwa mpango wa Gift Aid, mlipa kodi akijaza fomu fupi, kila pauni 1 anayotoa huongezewa peni 25 kutoka katika kodi aliyokwisha kulipa. Tukatafakari: pauni ya bia humlipa kwanza mtengenezaji, ikakatwa na ushuru, ndipo mgonjwa apate kilichosalia. Pauni ya mkono kwa mkono hufika nzima, tena na nyongeza.

Jumamosi moja kabla ya tamasha tukakodi ukumbi wa skuli, tukapika biriani, mkate wa kumimina, maandazi na kahawa ya tangawizi. Majirani walikuja, na miongoni mwao wawili wa waandaaji wa tamasha, waliokula wakashiba na wakaomba kufungiwa sahani za nyumbani. Bahasha aliipeleka hospisi yule mjane mwenyewe. Sura ya Al-Mumtahinah, aya ya 8, yatufundisha kuwa hatukukatazwa kuwatendea wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini yetu.

Wazazi wenzetu, watoto wetu huletewa matangazo ya matamasha haya na rafiki zao. Tusiishie kuwaambia kuwa ni haramu, tukanyamaza. Tuwaeleze sababu, kisha tuwatilie sarafu mkononi waipeleke wenyewe kwa mgonjwa yule yule, wapate kujua kwamba dini iliyowafungia mlango mmoja imewafungulia mwingine.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azipokee sadaka zetu na awalipe kheri wote waliowauguza wazee wetu ugenini. Amin.