Je, Wajua? Mji Hupangwa Mapema, Kabla Mvua Haijaupanga

Je, wajua kuwa Makambako ni mji uliozaliwa na njia panda? Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma hukutana hapa na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inapita hapo hapo. Penye njia panda pana biashara, na penye biashara watu hujenga kabla mpimaji hajafika. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 93,827 katika Halmashauri ya Mji. Mwaka huo huo Njombe, mwendo wa kama kilomita 60 kutoka hapo, ikawa makao makuu ya mkoa mpya.

Je, wajua kuwa mtaa uliojengwa kiholela si lazima ubomolewe? Sheria ya Ardhi ya 1999 inaruhusu urasimishaji. Wakazi huchagua kamati, hukubaliana njia zipite wapi, na kila mmoja humega kipande cha eneo lake. Ndipo mpimaji hupanda mawe ya mpaka, yale ya zege yenye chuma katikati. Ukikuta moja uani kwako, usiling'oe. Jiwe hilo ndilo shahidi wa hati yako.

Je, wajua kuwa mtaro huokoa nyumba kuliko ukuta mnene? Njombe iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, imekaa juu ya vilima na mabonde. Maji ya bati la jirani wa juu hushuka hadi kwenye msingi wa jirani wa chini. Tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo huanza kulegea pembeni, msimu baada ya msimu, mpaka ufa unafika dirishani. Njia iliyopimwa huacha nafasi ya mtaro, na gari la wagonjwa nalo hupita.

Je, wajua kuwa Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto? Wenyeji wanaolima vinyungu, yaani bustani za bondeni, wanajua bonde ni la nani. Kinyungu kikimezwa na maji masika, kiangazi utakilima tena. Nyumba haina msimu wa pili.

Je, wajua kuwa anayehamishwa kwa ajili ya mradi ana haki ya fidia iliyo kamili, ya haki na ya haraka? Kanuni za fidia ya ardhi za 2001 zinataja hata posho ya makazi, yaani kodi ya soko ya miezi 36, na gharama ya kusafirisha mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20.

Je, wajua kuwa mahali unapohamishiwa ni muhimu kama nyumba yenyewe? Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam, waathirika wa Bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, mbali na vibarua na biashara zao, na wapo waliorudi bondeni. Magomeni Kota, jijini humo humo, ni habari nyingine. Kaya 644 zilizoondolewa zilisubiri karibu miaka kumi, lakini zilijengewa pale pale, na Rais Samia Suluhu Hassan akazindua maghorofa hayo Machi 2022.

Je, wajua kuwa Njombe na Makambako bado zina nafasi ambayo Manzese ya Dar es Salaam haikuwa nayo? Manzese ilianza kuboreshwa miaka ya 1970, nyumba zikiwa tayari zimebanana. Kuacha njia leo ni kusogeza uzio. Kuitafuta kesho ni kubomoa chumba cha mtu.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujatoa pesa ya kiwanja, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri uulizie mchoro wa mipango miji. Na kamati ya mtaa ikiita mkutano wa urasimishaji, hudhuria.